Aliyenipa Mgongo kutoka Kitale Hadi Ziwani

Sikwenda ziwani kwa sababu ya ziwa. Nilikwenda kumchunguza mtu. Binti yangu Nyambura alikuwa amenieleza kwamba kuna kijana wa Malakisi anayetaka kumwoa, jina lake Wafula, wanafanya kazi pamoja katika ofisi ya kilimo mjini Bungoma, na kwamba wazee wa kijana huyo wanaomba kuja kwangu Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuanza mazungumzo ya mahari. Mume wangu alifariki Nyambura akiwa bado shule ya msingi, na shemeji zangu waliniambia wazi, "Mtoto ni wako. Wewe ndiwe utasema waje au wasije." Basi neno lilikuwa langu peke yangu, na huyo kijana sikuwa nimezungumza naye hata mara moja. Kila alipomleta Nyambura nyumbani alimshusha barabarani, akageuza gari na kwenda zake.

Mimi nilifundisha shule ya msingi hapa Trans-Nzoia mpaka nikastaafu, na sasa kazi yangu ni mahindi na ng'ombe wa maziwa. Katika ualimu niligundua kwamba ukitaka kumjua mtoto usimwulize maswali, mpeleke matembezi. Hapo ndipo utajua ni nani mchoyo, nani mwoga na nani mwongo. Kwa hiyo nilimpigia Nyambura simu nikamwambia kwamba nimezeeka bila kuona bahari, Mombasa ni mbali, huyo Wafula wake anipeleke hata pwani ya Ziwa Viktoria nione maji na viboko, twende asubuhi turudi jioni.

Nyambura akauliza, "Mami, wewe na yeye kwa gari moja?"

"Kwani mimi nitatembea kwa miguu?"

"Sawa. Wacha nimuulize," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetumwa kukopa. Jibu lilichukua wiki nzima. Nikajiambia, mtu asiye na la kuficha hahitaji wiki nzima kuamua kama atampeleka mama mtu kuona kiboko.

Siku ya safari, Kitale, kabla jua halijatoka. Nyambura alikuwa amelala kwangu. Niliamka mapema nikapika chapati na chai ya maziwa, nikatandika kitambaa kizuri. Gari dogo la kijivu likaja likasimama nje ya lango. Lango lilikuwa wazi, nami nimesimama mlangoni, lakini halikuingia. Aliyeingia ni mama wa makamo aliyevaa kitenge, mchangamfu, akanikumbatia kama tumejuana tangu ujana. Alikuwa shangazi ya Wafula, dada ya baba yake.

"Niite Senge tu, kwetu shangazi ni senge," akasema. "Kijana anakusalimia sana, Mama Nyambura. Yeye atakunywa chai huko kwa gari."

"Ni mgonjwa?"

"Aa, mzima kabisa."

"Basi si aingie ndani kama watu?"

"Wacha tu, Mama. Ako sawa huko."

Sikuridhika. Nilijifunga leso vizuri nikatoka mwenyewe kumsalimia. Nilimwona akiwa ameegemea mlango wa dereva, kijana mrefu mwenye mabega mapana. Aliponiona natokea langoni nimenyoosha mkono, alizunguka upande wa pili wa gari akainama kukagua tairi. Tairi lilikuwa zima. Nilibaki nimesimama pale, mkono umening'inia hewani, majirani wakipita na mitungi ya maziwa wakinitazama. Nikaurudisha mkono ndani ya leso na moyo wangu ukafunga mlango wa kwanza.

Barabara ya kwenda Webuye. Nyambura alikaa mbele na Wafula, mimi na Senge nyuma. Kabla gari halijaondoka, Wafula alikishika kile kioo cha katikati ambacho dereva hutazamia nyuma, akakipindua kikatazama paa. Nilikiona kwa macho yangu. Sasa jamani, ni dereva gani anayeziba jicho lake la nyuma kwa hiari? Ni yule asiyetaka kutazamwa usoni. Tulipita Kiminini, tukapita Kamukuywa, mahindi yamesimama pande zote mbili za barabara na Mlima Elgon nyuma yetu umejifunika ukungu, nami kwa mwendo huo wote nilikuwa nikitazama kisogo cha mtu.

Nikaona nianze darasa langu. "Wafula, kwenu mmezaliwa wangapi?"

Nikamsikia akisema, "Senge, ambia Mama tuko saba."

"Wako saba," Senge akaniambia.

"Nimesikia. Na mlizaliwa na mama mmoja?"

"Senge, ambia Mama ni mmoja."

"Ni mmoja," akasema Senge.

Gari lenyewe ni dogo kiasi kwamba magoti yangu yaligusa kiti cha mbele, halafu eti nahitaji mkalimani. Nilimtazama Nyambura nione kama ameshangaa. Alikuwa ametulia, anakula njugu. Hilo nalo likanitia wasiwasi, maana binti yangu si mjinga, na mtu mwenye akili akizoea kitu cha ajabu ni kwamba amezoezwa.

Misikhu. Ilikuwa siku ya soko, na barabara imejaa mikokoteni na ndizi. Wafula aliteremka akanunua mkungu wa ndizi mbivu, zile ndogo tamu. Alikuja nazo mpaka dirishani kwangu, nikafungua kioo nikitabasamu, maana hata mimi si jiwe. Alipita dirisha langu kama nyumba ya watu asiowajua, akazunguka hadi upande wa Senge, akampa yeye. "Hizo ni za Mama," nikamsikia akisema. Senge akanikabidhi. Niliziweka mapajani sikuzila, ingawa njaa ilikuwa inaniuma na harufu yake ilijaa gari zima.

Bungoma mjini. Tulisimama kituo cha mafuta. Wafula alitoa simu yake akatembea mbali, akavuka wanakooshea magari, akasimama nyuma ya ukuta. Kutoka kwenye gari niliweza kumwona nusu. Aliongea, akashika kichwa, akasikiliza, akaongea tena huku akitikisa kichwa. Senge alikuwa akimtazama pia, naye alikuwa ameacha kuchangamka.

"Anaongea na nani?" nikamwuliza.

"Watu wa nyumbani," akajibu, kisha akaanza kunionyesha duka alilonunua kitenge chake.

Hapo ndipo nilipokamilisha hesabu yangu. Mwanamume haingii kwa wakwe, hataki kutazamwa, hasemi na mama wa msichana, na akifika mjini anakokaa anajificha nyuma ya ukuta kupiga simu. Huyu ana mke. Huenda ana hata watoto. Senge ameletwa afunike chungu. Nilimtazama binti yangu, jinsi alivyokuwa akimfutia mwanamume yule vumbi kwenye kola, nikaona uchungu wa ajabu, kama ule wa kumwona mtoto akikimbilia barabarani na wewe uko mbali.

Tulishika barabara ya Busia, malori ya miwa yakitupita kama nyumba zinazohama, kisha tukakata kushoto. Baada ya Funyula vilima vya Samia vinainuka vyenye mawe makubwa, na pale gari lilipopanda kilima cha mwisho, Nyambura akapiga kelele, "Mami, ona!"

Nikaona. Nitasema ukweli, kwa dakika chache nilisahau kila kitu. Maji yalikuwa yameanzia chini ya vilima na hayakuisha. Kule mbali yaligusana na mbingu hujui kipi kimeanzia wapi. Mimi mtu wa mahindi, maji mengi niliyowahi kuona ni ya mto Nzoia ukifurika. Nilijikuta nimemshika Senge mkono na machozi yananitoka, naye akacheka akanipa kitambaa chake.

Bandari ya Sio Port, karibu na saa sita. Ufukoni akina mama walikuwa wameanika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya nyavu, ardhi yote inang'aa fedha. Tulipokelewa na Bwana Ojiambo, mwenyeji wa pale anayewatembeza wageni, mtu wa maneno machache aliyevaa gamubuti. Alituonyesha furukombe mwenye kichwa cheupe akishuka majini na kupaa na samaki anayetapatapa kuchani. Alituonyesha ndege mdiria akisimama hewani bila kutua, na kenge mkubwa kama mbwa akiota jua kwenye jiwe. Wale viboko walikuwa mbali ndani ya maji, masikio na pua tu, wakipuliza kama watu wenye mafua. Nyambura alikuwa akiruka kama mtoto.

"Mkitaka kutembea, tembeeni huku juu," Bwana Ojiambo akasema. "Mkiona njia kwa mafunjo, nyasi imelala pande mbili na katikati kuna kama ukuta mdogo wa majani, hiyo si ya watu. Kiboko hupita hapo, na hapendi kukutana na mtu kwa njia yake."

Chakula cha mchana kilikuwa samaki ngege wa kukaanga na ugali, kwenye kibanda cha mabati. Tulikaa watatu. Wa nne alichukua sahani yake akaenda nyuma ya jikoni, akakaa kwenye gogo, mgongo kwetu. Niliona nimevumilia vya kutosha. Nikachukua sahani yangu, nikazunguka jikoni kwa upande wa pili, nikajitokeza mbele yake na kuketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ana kwa ana.

"Wafula," nikamwambia, "leo tutakula tukitazamana."

Aliruka! Hakuniangalia. Aliinua sahani mbele ya uso wake kama ngao, akarudi kinyumenyume, ugali ukaanguka, akageuka akaenda zake kwa hatua ndefu hadi kwenye miti. Mpishi aliacha mwiko ndani ya sufuria akabaki mdomo wazi.

Nilirudi kibandani. "Nyambura, wazee wasije Jumamosi."

"Mami, unasema nini?"

"Nasema wasije. Mtu huyu ana mke mahali. Mtu msafi haogopi macho ya mwanamke mzee."

"Mke? Mami, hebu nisikilize—"

"Nimesikiliza kisogo chake tangu Kitale! Sitaki kusikia lingine."

Binti yangu akaanza kulia, na Senge akasimama akiwa na samaki mkononi, hajui amfuate nani. Mimi sikungoja. Nikatoka nikashuka ufukoni peke yangu kwa hasira, na hasira haina macho. Niliona kijia kizuri kinaingia kwenye mafunjo, nikakifuata ili nisionekane nikilia. Nyasi zilikuwa zimelala pande zote mbili.

Nilitembea kidogo tu kisha mguu wangu wa kulia ukazama kwenye tope hadi gotini. Nikauvuta ukakataa. Nikasikia sauti kama ya mtu mzito akishusha pumzi, nikainua macho. Nilichodhani ni kichuguu cha tope kilifumbua jicho. Kiboko alikuwa amelala kando ya njia yake, mbele yangu, umbali wa kama urefu wa zizi langu la ndama. Akainuka polepole, tope likimtiririka, akafungua kinywa. Sikuweza kupiga kelele. Nilimwita Mungu kimoyomoyo na jina la binti yangu.

Kwa nyuma nikasikia Bwana Ojiambo akipiga kelele, "Usikimbie! Usimame!" na miguu ya mtu mwingine ikija mbio kwenye maji. Mikono miwili ikanishika kiunoni, ikanivuta, kiatu changu kikabaki topeni, nikatupwa begani kama gunia la mahindi. Nikaona mafunjo yakipita kichwa chini miguu juu. Nyuma yetu mafunjo yalikatika kwa kishindo kikubwa, kisha maji yakapigwa, na Bwana Ojiambo akasema, "Ameingia ziwani. Ameingia. Asante Mungu."

Nilitua kwenye nyasi kavu. Aliyenibeba ni Wafula. Nilifungua mdomo kumshukuru, na yeye alikuwa amekwisha kunigeuzia mgongo, amekimbilia nyuma ya mti, amefunika uso kwa mikono miwili na mabega yanamtetemeka.

Senge alifika akihema. Hakuja kwangu kwanza. Alisimama katikati yetu, akamtazama kijana, akanitazama, akajipiga mapaja. "Woi! Wafula, umemshika! Umembeba mama mkwe!"

"Senge," nikasema, "mtu huyu ameniokoa halafu ananikimbia kama mimi ndiye kiboko. Niambie ana nini?"

Senge akashangaa. "Mama Nyambura, ati hujui?"

"Nijue nini?"

Alikaa chini kando yangu, akaanza kunifuta tope kwa kitenge chake. "Mama, hii ni heshima bana. Kwetu Wabukusu, mama wa bibi yako, humshiki mkono, humwangalii kwa uso, hukuli na yeye. Ukikutana na yeye kwa balabala unaingia kwa shamba mpaka apite. Ni mtu mkubwa kuliko wote. Hata gari moja hamwezi panda."

"Lakini tumepanda."

"Si wewe ndio ulisema! Wazee walikataa. Wakabishana wiki nzima. Kijana akasema, Mama ameomba kuona ziwa, ataona. Harafu wakasema basi niende mimi, nikae katikati yenu. Hata hapo Bungoma alikuwa anapigia baba yake, mzee anamwambia arudi, yeye anakataa, anasema Mama tayari ako kwa gari." Akatikisa kichwa. "Na sasa amekubeba kwa bega. Itabidi alete kondoo ama blanketi ya kutoa hiyo aibu. Ndio unaona analia."

Nyambura alikuwa amefika, macho mekundu. "Mami, umeishi na Wabukusu hapo Kitale tangu nizaliwe. Nilijua unajua."

Ningejulia wapi? Najua nyimbo zao za kutahiri, najua wanavyopenda kuku, nimewafundisha watoto wao kusoma na nimewazika wazee wao. Lakini mkwe wao sijawahi kuwa. Nikamkumbuka nyanya yangu kule Murang'a, jinsi alivyowahi kujitupa kwenye shamba la kahawa, kikapu na kila kitu, kwa sababu mume wa shangazi yangu, mkwe wake, alikuwa akija njiani, nasi watoto tukacheka mpaka tukaumwa mbavu. Tulidhani ni uzee. Niliona haya, haya ya kweli, na sikuwa na pa kuiweka.

Tuliondoka ziwani jua likiwa bado juu. Safari hii nilikaa nyuma kabisa ya kiti cha dereva, nikageukia dirishani, nikajifunika leso kichwani, na yeye akaendesha vizuri zaidi maana alikuwa hana tena hofu ya kugeuza shingo. Nilizila zile ndizi za Misikhu zote.

Bungoma, jioni. Senge alituambia hatufiki Kitale na njaa, tukaingia kwake. Mimi, yeye na Nyambura tulikaa sebuleni. Wafula alipelekewa kiti nje, nyuma ya ukuta wenye dirisha. Kuku alipoiva, sahani yake ikatoka kupitia mlango wa jikoni.

"Mama, sasa wazee wanataka jibu," Senge akaniambia taratibu. "Sema tu. Yeye anasikia hapo nje."

Nyambura aliacha kutafuna. Nami nikaweka tonge chini, nikaukabili ukuta uliopakwa rangi ya samawati, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaongea na mtu yule bila kumpeleleza.

"Senge, mwambie nilizaa binti mmoja. Baba yake alipokwenda nilijiambia, siku moja ataniletea mvulana. Atakaa nami sebuleni, nitampakulia mwenyewe, tutabishana juu ya mbolea na siasa. Hilo ndilo nililolitaka, na sasa naona sitalipata." Nikanywa maji. "Mwambie nimelikubali hivyo hivyo. Wazee waje Jumamosi."

Senge hakurudia neno. Kule nje kiti kililia, kisha sauti ikaja kupitia dirishani, haikumtaja Senge wala kupitia kwake. "Asante, Mama."

"Kula, mwanangu," nikauambia ukuta. "Chakula kitapoa."

Tukala, sisi huku na yeye kule.

Nimejifunza nini? Kwamba naweza kumsoma mtu mchana kutwa na kusoma lugha nisiyoijua. Wazee walikuja, kondoo akaja, mambo yanaendelea vizuri. Jirani zangu huniuliza mkwe wangu anafananaje, mzuri wa sura au vipi. Mimi huwaambia kwamba ana mabega mapana na anaweza kubeba gunia la kilo tisini bila kuliangusha. Uso waende wakamwulize Nyambura.